Lapi ya Mtu Mmoja, Tivii ya Mbogi

Ingia keja za Roysambu, Zimma, Pipeline ama Juja saa mbili usiku na utapata wasee wanne kwa bedsita moja, kila mtu kwa kona yake, simu mkononi, nyaya kwa masikio. Tivii ya inchi 32 imetulia kwa ukuta, imezimwa. Lapi iko kwa meza imefunguliwa, na mwenye lapi anacheki muvi peke yake, shingo imepinda. Hii kitu hunikera, kusema ukweli. Hao wasee wanapendana, wanagawana renti na unga na gesi, lakini hakuna mtu anajua mwenzake anacheka nini. Na kila kitu ya kuunda sinema noma iko hapo ndani tayari. Imebaki waya moja, na kujua mahali pa kubonyeza.

Najua wengi wenu hiyo waya mko nayo. Mliinunua kitambo, mkaunga lapi na tivii, mkacheki muvi mbili tatu, halafu waya ikarudi kwa droo. Sababu naijua pia. Mliziunga zikionyesha kitu moja, so muvi ikianza, mwenye lapi alikuwa ameshikwa mateka. Hawezi jibu meseji, hawezi maliza mboka, hawezi hata fungua ukurasa mwingine bila mbogi yote kupiga nduru. Lapi yake ikageuka mali ya jamii, na yeye akachoka. Sasa mimi nataka tuelewane kitu moja: tivii ikiungwa vizuri haichukui lapi ya mtu. Lapi inabaki yako na mambo yako yote, tivii inakuwa ya mbogi, na hizo mbili zinafanya kazi saa hiyo hiyo bila kukosana.

Shida ingine iko kwa vichwa vyetu, venye tumelelewa na tivii. Wale walikuwa watoi 2015 wanakumbuka ile vita ya kuhama analogi. Serikali ilizima mitambo za zamani, na Februari ya mwaka huo NTV, KTN na Citizen zikapotea hewani kwa zaidi ya wiki mbili, vile wenye steshoni walikuwa wanavutana na serikali kuhusu nani atabeba mawimbi yao. Mafathee wakawa wanagonga tivii kwa mgongo, wengine wanapanda mabati kuzungusha antena, na tivii masikini haikuwa na kosa. Ilikuwa inangoja tu kutumiwa picha. Baadaye ving'amuzi vikajaa kila keja, lakini ile fikra ikabaki, ati tivii lazima ilishwe na steshoni ama na msee wa setilaiti anayetaka doo kila mwezi. Tivii ni kioo kubwa iko na spika na mashimo nyuma. Ukiipatia picha kutoka kwa lapi itaionyesha vile vile, na haitauliza imetoka wapi.

Kununua hiyo waya, shuka Luthuli. Hiyo barabara ilipewa jina ya Albert Luthuli, mzee wa Afrika Kusini aliyeshinda Nobel ya Amani ya 1960, na kwa mayut wa Kanairo ndio makao makuu ya kila kitu iko na waya. Kebo ya HDMI ya kawaida, mita moja na nusu, haifai kukutoa zaidi ya soo tatu ama nne. Msee wa duka atakutolea ingine imefungwa kwa boksi ya kung'aa, akuambie imepakwa dhahabu na picha itatoka kali zaidi. Ilenge. HDMI hubeba picha kama namba. Hizo namba zikifika, picha ni ile ile ya kebo ya bei rahisi, na zisipofika utaona vidoadoa, ama skrini inazima na kuwaka. Hakuna dhahabu inaongeza rangi kwa muvi. Kitu ya kukuumiza kichwa ni urefu. Pima kutoka kwa tivii mpaka pale lapi itakuwa inakaa, uongeze kidogo, ndio waya isikatize njia ya msee anayeenda kugeuza ugali. Mita tatu hutosha bedsita nyingi. Ukipita mita tano na tivii yako ni ya 4K, kebo za bei ya chini huanza kuleta ngori.

Lakini kabla ushuke tao, angalia mbavu za lapi yako, juu hapa ndio doo za watu hupotea. Mayut wengi tunatumia hizi mashine za ex-UK, na ziko poa sana kwa bei yake, ila zilitengenezewa maofisi, si sebule. EliteBook 840 za G1 mpaka G4 hazina shimo ya HDMI. Ziko na DisplayPort, na ile VGA ya pini 15. ThinkPad T440 na T450 nazo ziko na VGA na DisplayPort ndogo. Hiyo DisplayPort ndio rafiki yako. Unanunua kaadapta kadogo ka kutoka DisplayPort kuenda HDMI, na kanapitisha picha na sauti pamoja, mambo imeisha. VGA ni stori ingine. IBM waliitoa 1987 na haijawahi kubeba sauti hata siku moja. Itabidi utafute kisanduku ya kugeuza, ikule stima kutoka kwa USB, na waya ya sauti kando. Na hata ukimaliza hiyo kazi yote, programu za muvi za kulipia zinaeza kukuonyesha skrini nyeusi, juu VGA haina ile kufuli inaitwa HDCP ambayo wenye muvi hutaka ikuwe njia yote kutoka lapi mpaka tivii. Mimi ningesaka ile ya DisplayPort hata kama ni kuongeza soo mbili juu.

Wenye lapi mpya za Type-C, msikimbilie kushangilia. Hiyo shimo inaeza kuwa ya kuchaji na kubeba mafaili tu. Angalia kama kando yake kuna alama ya D na P zimeshikana, ama ile ya radi ya Thunderbolt. Ukikosa alama, soma vipimo vya hiyo mashine mtandaoni kabla ununue adapta. Simu nazo ni vile vile. Samsung za bei ya juu, kuanzia Galaxy S8 ya 2017, zinaeza kutoa picha kwa hiyo shimo, hata zikakuwekea kitu inafanana na kompyuta kwa tivii. Simu nyingi za bei yetu hazitoi.

Sasa tuchape kazi. Chomeka waya, washa tivii, kamata rimoti ubonyeze kitufe ya "Source" ama "Input" mpaka ufike kwa namba ya ile shimo umetumia. Picha ya lapi ikitokea kwa ukuta, hapo ndio kila mtu hushangilia na kuachia. Usiachie hapo. Kwa Windows, shika kitufe ya Windows pamoja na P. Itakuletea chaguo nne. Ya kwanza inaacha picha kwa lapi pekee. Ya mwisho, "Second screen only", inazima skrini ya lapi na kubakisha tivii, na hiyo imeokoa wasee wengi ambao skrini ya lapi ilipasuka na hawana doo ya kununua ingine. Unaweka tivii, kibodi na mausi, na mashine inaishi tena. Katikati ndio kuna "Duplicate" na "Extend", na hapa ndio keja hutengana.

"Duplicate" inatoa fotokopi. Kila kitu unafanya kwa lapi, ukuta unakifanya pia. Kwanza, picha yenyewe inaumia, juu hizo skrini mbili lazima zikubaliane saizi moja, na lapi ya 1366 kwa 768 inaeza kuvuta tivii ya Full HD mpaka iteremke kwa levo yake. Pili, na hii ndio nzito, siri zako zinapanda ukutani. Muvi imefika pale pazuri, mbogi imenyamaza, na WhatsApp ya kwa lapi inaangusha meseji ya dem wako kwa kona ya tivii, inchi 43, watu wote wanaisoma. Ama ni msee anakudai doo. Hakuna mtu anafaa kuishi hivyo.

"Extend" ni kama kusukuma meza ya pili ikutane na ya kwanza. Tivii inakuwa muendelezo wa nafasi yako ya kazi. Ukiburuta mausi mpaka mwisho wa skrini ya lapi, kamshale kanaruka na kuingia kwa tivii. Chukua dirisha yako ya muvi, iburute ivuke hiyo mpaka, halafu ijaze skrini. Kwa VLC, ile programu ya kucheza muvi, ni kubonyeza F tu. Kama hutaki kuburuta, shika Windows, Shift na mshale wa kulia ama wa kushoto, dirisha itaruka yenyewe. Meseji na arifa zinabaki kwa skrini kuu, na ukiacha lapi ikuwe ndio skrini kuu, tivii haitawahi kujua nani amekutext.

Kuna kitu ndogo hapo watu huruka, halafu wanasema "Extend" inachanganya. Kompyuta haijui tivii iko upande gani ya keja. Huwa inakisia tu iko kulia. Kama tivii yako iko kushoto ama juu kabisa kwa ukuta, mausi itakuwa inapotea na utaisaka ukikasirika. Ingia kwa setingi ya "Display", utaona viboksi viwili vya namba 1 na 2. Buruta kile cha tivii ukiweke mahali tivii iko kweli, juu, kushoto, popote, ubonyeze "Apply". Kutoka hapo mkono utaenda bila kufikiria. Wenye Mac, hiyo kazi iko kwa "Displays" ndani ya setingi zenu, na Ubuntu pia iko na "Displays" yake, zote zinafuata fikra hiyo hiyo ya kupanga viboksi.

Wacha nikuambie vile hii inabadilisha keja. Kuna bedsita naijua Kahawa Wendani, majamaa watatu, lapi moja. Mwenye lapi hufanya mboka ya mtandao usiku, kuandikia watu wa mbali stori za biashara zao. Wengine walikuwa wanangoja amalize, na akimaliza ni saa saba, kila mtu amelala. Sasa lapi iko kwa goti yake, anaandika, na muvi inacheza kwa tivii kutoka kwa hiyo hiyo mashine. Anainua macho mahali watu wamecheka, anauliza "nini imefanyika?", anaambiwa, anarudi kwa mboka. Anakaa na watu wake na bado anaomoka. Lapi ya RAM 8 yenye SSD hubeba hizo vitu mbili bila kulia, muvi ya kawaida si kazi ngumu kwa mashine. Kitu ya kuepuka ni kufungua vichupo arobaini kwa kivinjari muvi ikiendelea.

Na mathee akitoka ocha kukuona, hii kitu ndio huonyesha faida yake. Yeye hatataka kushikilia simu yako karibu na pua kucheki kwaya ya kanisa lao. Mwekee kwa tivii, sauti ya kutosha, akae kwa kiti na chai yake aimbe nayo. Wewe uko kando na lapi unapanga siku yako ya kesho, na kila baada ya wimbo unamwekea mwingine bila hata kusimama. Atakuuliza kama mnaeza kupata ile ya zamani aliskiza akiwa msichana, utaitafuta kwa skrini yako bila kumkatizia ile anaskiza, halafu uisukume ivuke. Hiyo ndio raha ya skrini mbili. Moja inatafuta, ingine inaendelea kubamba.

Usifunge kifuniko ya lapi lakini, juu Windows ya kawaida italala na muvi itakufa. Kama unataka ifungwe, kwenye setingi za "Power" kuna mahali pa kuambia mashine isifanye kitu kifuniko ikifungwa. Na iache ikae mahali pagumu. Lapi juu ya blanketi hupika betri yake yenyewe.

Picha sasa. Ukiunga mara ya kwanza, tivii nyingi hukata pembe. Utaona ile mstari wa chini wa Windows umeingia ndani ya fremu, saa haionekani. Hiyo tabia ilitoka kwa tivii za mgongo, zile za kioo nene, ambazo hazikuwa zinaeza kuaminika kwa pembe, so watengenezaji walizoea kukuza picha kidogo ndio uchafu wa kando ufichike. Tivii za siku hizi hazina hiyo shida lakini nyingi bado zinaifanya. Kamata rimoti, ingia kwa saizi ya picha, utafute "Just Scan" kama ni LG, "Screen Fit" ama "Fit to Screen" kama ni Samsung, na kwa zingine inaeza kuitwa "Dot by Dot" ama "1:1". Pembe zitarudi, na maandishi yatakuwa makali zaidi. Kama tivii inakubali kubadilisha jina ya hiyo shimo, iite PC, juu kuna tivii zinazoacha kuchezea rangi za maandishi zikiona hiyo jina. Herufi zikiwa ndogo sana ukiwa kitandani, usipunguze resolusheni. Ongeza "Scale" ya hiyo skrini ifike 150 ama hata 200, lapi itabaki na saizi yake.

Halafu kuna ile ugonjwa ya tivii kulainisha mwendo. Muvi nyingi hupigwa picha 24 kwa kila sekunde, na hiyo kasi ndio huipa ile ladha ya sinema. Tivii huona picha ni chache, inaanza kubuni zingine za katikati na kuzitia hapo yenyewe. Matokeo ni muvi ya mamilioni inakaa kama kipindi ya mchana ya kamera ya bei ndogo. Desemba 2018 Tom Cruise na mwelekezi Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuomba watu wazime hiyo kitu kwa tivii zao, na hapo nakubaliana nao kabisa. LG wanaiita TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus ama Picture Clarity. Izime. Kama tivii inakubali, ingia pia kwa "Advanced display" ya Windows uchague 24 Hz muvi ikianza, ndio kila picha ipate muda sawa kwa skrini. Ukibaki na 60, picha moja inakaa mizunguko miwili na inayofuata inakaa mitatu, na kamera ikipinda polepole utaona inaruka-ruka. Kwa mpira rudisha 60 ama 50.

Sauti huchanganya wengi juu picha imetokea kwa tivii na milio bado inatoka kwa lapi. Bonyeza alama ya spika chini kulia, uchague jina ya tivii yako. Spika za tivii nyembamba huwa dhaifu, kwa hivyo wufa isikae bure. Iunge kwa shimo ya hedifoni ya tivii ama zile za nyekundu na nyeupe kama iko nazo, na kila kitu itatoka hapo, muvi ya lapi na hata habari za saa moja. Wufa ya Bluetooth mara nyingi hufanya midomo itangulie sauti. VLC iko na dawa: J na K husogeza sauti nyuma na mbele kidogo kidogo, na G na H hufanya hivyo kwa maandishi ya chini. Hiyo programu, kwa taarifa yako, ilianzia kwa mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris 1996, walitaka kutazama tivii kupitia mtandao wa chuo. Wanafunzi wa hosteli, kama tu sisi. Na mpaka leo ni ya bure. Kitu ya mwisho hapa ni heshima: ukuta wa bedsita ni jiwe moja tu kati yako na mtoi wa jirani anayelala. Besi iteremshwe saa nne.

Kuna watu watakuambia waya imepitwa na wakati, tumia hewa. Windows na K hutafuta tivii zenye Miracast, na ikishika inafanya "Extend" pia. Ni poa kwa picha na slaidi. Kwa muvi, kwa ploti yenye Wi-Fi za watu thelathini zinapigana hewani, nimeona ikikwama mara nyingi sana, so mimi bado ni wa waya. Waya haikuli bando pia. Faili ikishakuwa kwa lapi, kuipeleka kwa tivii ni bure. Bando inaenda kwa kushusha, na hapo kuwa mjanja. Netflix wenyewe wamesema HD inaeza kula mpaka GB 3 kwa saa, na ile ya SD mpaka GB 1. Kwa tivii ya inchi 32 ukiwa umekaa mita mbili, 480p inasomeka. Kama uko na bando ya usiku, shusha usiku.

Sasa, mbogi icheki nini? Hapa naongea na roho yangu yote. Kabla simu zitutenganishe, mitaa zilikuwa na vibanda vya video. Benchi, pazia nyeusi, kiingilio ya mbao ama chini ya hapo, na sauti ya DJ Afro juu ya muvi ya kung fu, akiwapa waigizaji majina ya mtaa na kuwatupia maneno ya Kiswahili na Sheng. Uganda wako na VJ Jingo na VJ Junior wanaofanya hiyo kazi kwa Luganda. Watu walikuwa wanacheka pamoja kwa sekunde hiyo hiyo. Kibanda ilikuwa shule ya wengi, msee angetoka hapo akijua kusimulia stori mpaka watu wasimame. Hiyo kitu inaeza kurudi kwa keja yako Ijumaa. Iko ndani ya uwezo.

Kwa michezo, skrini mbili ziko kwa levo yake. Oktoba 12, 2019, Jumamosi saa tatu na robo asubuhi ya hapa, Eliud Kipchoge alianza kukimbia Vienna na akamaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na mbio yote ilikuwa hai YouTube. Juni 26, 2025 Faith Kipyegon akajaribu maili chini ya dakika 4 pale Paris, akatoa dakika 4 na sekunde 6 na kitu, hakuna mwanamke amewahi kukimbia hivyo. Mbio kama hiyo unaiweka kwa tivii, na kwa lapi unafungua hesabu ya kila mzunguko, unaambia mbogi yuko mbele ama nyuma ya kasi. Kila mtu anakuwa kocha. Agosti 2025, CHAN ilipokuwa hapa kwetu na Harambee Stars wakaangusha Morocco na Zambia Kasarani, msee angekuwa na mechi kwa ukuta na msimamo wa kundi kwa goti. Tulitolewa kwa penalti na Madagascar robo fainali, na uchungu wa penalti unafaa kubebwa na watu wengi pamoja.

Na tafadhali cheki muvi za kwetu, na ukipata njia halali ya kulipa, lipa. Waigizaji na wapiga kamera wa hapa ni mayut kama wewe, wanasaka renti mwezi huo huo. Anza na Nairobi Half Life ya 2012, ya Tosh Gitonga, ndio muvi ya kwanza Kenya ilipeleka kwa Oscar kushindania ile tuzo ya muvi za lugha za kigeni. Barabara utakayoiona humo umeipitia na mat jana. Kati Kati ya Mbithi Masya ni ya 2016, inahitaji utulivu, iweke siku hakuna mtu ana haraka. Lakini ile ningetaka mbogi yote iwe imekaa chini kwa godoro ni Supa Modo ya 2018, ya Likarion Wainaina. Ni ya msichana mdogo anaitwa Jo, mgonjwa sana, anapenda muvi za mashujaa, na kijiji chake kinaamua kumtengenezea muvi yake. Kuna jamaa humo anaitwa Mike, msee wa kibanda, anayesimamia muvi na kuzitafsiri mbele ya watu kwa mdomo yake mwenyewe. Ni dakika 70 na kitu tu. Iwekeni kwa tivii, "Extend", sauti kwa wufa, na mwenye lapi naye aache mboka siku hiyo moja. Ikiisha, chagueni nani kati yenu atakuwa Mike wiki ijayo, mumpe rimoti na muvi ya zamani isiyo na sauti, mumwambie aanze.